Jana Ilikuwa Wapi Laptop Hii?

Vijana wangu wa dukani, juzi niliteremka Wete kununua samaki, nikasema nipite niione meza yangu ya zamani. Nikakuta laptop imefunguliwa mgongo, skurubu zimetiwa kwenye kifuniko cha chupa, na juu yake karatasi imeandikwa: "Touchpad haifanyi kazi." Nikauliza, imekuwaje hii? Mmoja wenu akaangalia feni. Mwengine akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Wa tatu akanikaribisha chai. Nikanywa chai yenu, nikashukuru, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, maana nyuso zile nazijua. Nimewahi kuuvaa uso huo mimi mwenyewe, tena mbele ya mteja.

Basi nimekaa nawaandikia. Mtanisamehe kama narukaruka, mtu aliyekaa miaka yote ile na bisibisi mkononi hajui kuandika kwa mpango. Nitasema lililo karibu na ulimi.

Sisi tulikiita kibao, kile kiraka cha mraba kilicho chini ya herufi, unachoburuzia kidole mshale ukaenda. Kibao kikifa mtu huja mbio kuliko hata kompyuta ikizima yote. Nadhani ni kwa sababu kompyuta iliyozima umeshaikatia tamaa, lakini ile iliyo na mwanga na picha zako zote unaziona, na huwezi kugusa hata moja, inakutia wazimu. Nimeona watu wazima wanakisugua kibao kama wanakuna nazi.

Kibao cha kwanza kilichonipa adabu kilikuwa cha bwana mmoja wa kilimo, mtu mpole, hajui kusema kwa sauti. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye redio nimeingia kwenye kompyuta, na nilikuwa na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Akanambia, "Fundi Riziki, kibao hakisikii." Mimi hata sikumuuliza neno. Nikaigeuza, nikatoa skurubu kumi na sita, nikavua mgongo, nikachomoa kile kijiwaya bapa kinachokwenda kwenye kibao, nikakisafisha, nikakirudisha, nikafunga. Zikabaki skurubu mbili mezani. Nikazificha chini ya daftari. Kibao bado kimekufa. Yule bwana akaja kuichukua, akaiangalia kidogo, akabonyeza vitufe viwili vya juu kwa pamoja, na mshale huo, ukaondoka zake. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Aa, kumbe nilikizima mwenyewe. Ile siku iliadhiniwa nikawa nataka kupunguza sauti haraka haraka, nimebonyeza na cha jirani." Nilitamani sakafu inimeze na zile skurubu zangu mbili.

Kwa hivyo hilo ndilo la mwanzo, liandikeni ukutani: tafuteni kitufe chenye picha ya kibao, kibonyezeni pamoja na kile cha Fn, kabla hamjagusa bisibisi. Halafu tazameni pembeni mwa laptop kama kuna kidude cha mouse isiyo na waya kimesahauliwa humo tunduni, maana laptop nyengine zikiona mouse hukilaza kibao mwenyewe hajui. Halafu futeni. Nasema kweli, futeni tu. Kulikuwa na mpika halua hapo sokoni, kila mwezi ananiletea laptop yake kibao kimekwama, na kila mwezi dawa yake ni pamba na spiriti. Samli ya vidole vyake ilikuwa imejenga nyumba pale. Nilimwambia anawe kwa sabuni kabla ya kuhesabia halua zake. Akaniambia kazi yake ikinawa haitakuwa kazi.

Lakini siwaandikii kwa ajili ya samli. Nawaandikia kwa ajili ya Salma, na siwezi kumfikia Salma bila ya kupita kwa Mzee Faki.

Mzee Faki ndiye aliyenifundisha. Alikuwa fundi wa redio, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alinipokea mimi mtoto wa kike wakati mafundi wengine wakiniuliza kama nimekuja kufagia. Ilikuwa mwanzo wa vyama vingi, na nyinyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua redio ilikuwa nini wakati ule. Kila nyumba ilitaka kusikia, na kila aliyesikia alitoka na hasira zake. Hapa Pemba watu walisusiana. Walisusiana maduka, walisusiana harusi, ndugu wa tumbo moja hawapeani salamu. Mahali pekee ambapo wa upande huu na wa upande ule walikaa benchi moja ni kwa Mzee Faki, kwa sababu fundi mzuri wa redio alikuwa yeye tu, na redio mbovu haingojei maridhiano.

Alikuwa na swali lake moja. Mtu akileta chombo, chochote kile, Mzee Faki atamkaribisha, atamwagizia kahawa, atamsimulia upuuzi, ndipo atamuuliza: "Jana ilikuwa wapi?" Hamuulizi ina nini. Anamuuliza jana ilikuwa wapi. Na mimi nikiona yale masimulizi ni kupoteza wakati. Nikikaa pembeni na bisibisi nikitingisha mguu, nasema moyoni, mzee huyu maneno mengi, fungua tuone.

Siku moja alikuja bwana na redio imepasuka ubavu. Anasema imeanguka kabatini. Mzee Faki hakubisha. Akapiga funda la kahawa, akamwambia, "Mie yangu niliitia kisimani." Yule bwana akamtazama. "Wallahi. Usiku ule wa matokeo ya kura. Niliinyanyua hivi, nikenda nayo mpaka kisimani, nikaitosa. Asubuhi mke wangu ateka maji, ndoo yamletea redio." Benchi zima likacheka, pande zote mbili. Yule bwana naye akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema polepole, "Yangu karusha kaka yangu. Kanirushia mie." Basi ikajulikana ilipigwa ukutani na si kabatini, na Mzee Faki akajua waya gani wa kuutafuta ndani. Wale ndugu walikuja kupatana baadaye, lakini hiyo si habari ya redio.

Mimi nilicheka kama wengine na sikujifunza kitu. Nilifikiri nimesikia kichekesho.

Sasa twende mbele miaka mingi. Mzee Faki ameshatangulia, Mungu amrehemu, meza ni yangu, na redio zimebaki tatu juu ya kabati kama mapambo. Laptop nyembamba zilikuwa ndiyo zinaanza kuingia. Zile za zamani, betri yake unaivuta kutoka nje, inatoka kama droo. Hizi mpya betri imezikwa ndani, bapa, chini ya pale mtu anapolaza viganja. Hilo lishikeni, mtalihitaji.

Ilikuwa vuli, msimu wa karafuu, na mvua zilikuwa hazina adabu. Unaanika, unaanua, unaanika, unaanua. Wete nzima inanukia karafuu, mashuka yananukia karafuu, noti za sokoni zinanukia karafuu. Akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu, mtandio umelowa, laptop kaikumbatia kifuani. Nyuma yake mama yake, Bi Mize, mwanamke wa Mtambwe, vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu, akakaa benchini bila ya kusema zaidi ya salamu.

"Mie n'naitwa Salma," akasema yule msichana. "Nasoma ualimu Unguja. Kibao kimekufa, na kesho asubuhi n'na boti Mkoani. Kazi yangu ya utafiti lazima ifike chuoni ishachapwa na kufungwa jalada. Ikichelewa, narejea mwaka mzima."

"Utafiti wenyewe umeshauandika?"

"Ushakwisha. Umo humo ndani."

Bi Mize aliinua macho aliposikia mwaka mzima, akayarudisha chini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba laptop ile ilinunuliwa kwa misimu miwili ya karafuu za mgongo wake, na kwamba Salma alikuwa ameandika kuhusu watoto wanaokosa skuli wakati wa uchumaji, kwa vile yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Mimi nikajitia utaalamu. Kitufe cha Fn, hamna. Kidude cha mouse, hamna. Nikafuta kwa spiriti, hamna. Nikachomeka mouse yangu ya waya, na hapo ndipo mambo yalipochachamaa. Mshale unakwenda, lakini kila unachopita unakizoa. Unagusa faili, faili linajibandika, unalikokota kama mbuzi hataki. Mtu mwenye akili angesimama pale pale akajiuliza, kwa nini kompyuta inadhani kuna mtu amekikandamiza kitufe? Mimi nikasema, virusi.

Nikamuuliza Salma, lazima niseme nilimuuliza, kwa sauti ya polisi: "Jana ilikuwa wapi hii? Umeipa nani?"

"Mkobani," akasema. Upesi mno.

"Imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Imeingia maji?"

"Haijaingia maji, fundi." Na akamtazama mama yake, kisha akaangalia feni. Ndiyo, feni ile ile mliyoiangalia nyinyi.

Sasa wakati ule mafundi wa hapa, na si wa hapa tu, tulikuwa na dawa moja ya kila maradhi. Kompyuta nzito? Piga window upya. Haina sauti? Piga window. Mteja anakusumbua? Mpigie window. Yaani unafuta kila kilichomo, unaanza upya kama imetoka dukani. Nikamwambia Salma, "Nitakuhamishia mafaili yako kwenye flashi, halafu napiga window. Alasiri utakuwa umeshachapa." Akaitikia. Alikuwa tayari kuitikia chochote.

Nikatumia herufi tupu, bila mshale, nikaliteua folda la Documents lote, nikalipeleka kwenye flashi. Lilikuwa na picha nyingi za watu wa kwao, likawa linakwenda polepole. Mimi kimya sikiwezi, nyinyi mnanijua. Nikaanza kujisemea kuhusu yule bwana wa kilimo, skurubu kumi na sita, nilivyoficha mbili chini ya daftari, na alivyobonyeza mara moja tu ikapona. Nikaigiza sauti yake. Bi Mize akacheka. Kicheko chenyewe kilimtoka ghafla, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Na skurubu zile ulimrejeshea?" akaniuliza. Nikamwambia bado ninazo mpaka leo, nikamfungulia droo nikamwonesha. Akacheka tena, kisha akawa anaviangalia vidole vyake.

Flashi ikamaliza. Nikatia diski ya window, nikaiwasha upya, nikapita huku na huku, nikafika pale inapokuuliza kwa mara ya mwisho kama una hakika. Kidole changu kiko juu ya kitufe. Nawaambia, mpaka leo nakikumbuka kidole kile kilipokuwa.

"Fundi," akasema Bi Mize. "Ngoja kwanza."

Nikangoja.

"Mie nliianika."

"Uliianika nini, Bi Mize?"

"Iyo laptop. Jana. Salma kenda kuoga, nkaishika naiona yanuka ukungu, na mvua hizi, kila kitu chaota kuvu. Jua likatoka. Karafuu nshazitandaza jamvini, nkasema na hii nayo ipate jua, mtoto aende chuo na kitu kikavu. Nkaiweka jamvini, kandoni. Adhuhuri nkaigeuza ubavu wa pili."

Aliigeuza. Kama karafuu, vijana wangu, ipate jua pande zote. Na mimi nilikuwa nimeishika mikononi nusu ya siku, inanukia karafuu kuliko kitoweo cha pilau, na pua yangu haikuniambia kitu, kwa sababu msimu ule pua ya mtu wa Pemba haina habari ya karafuu. Fundi kutoka bara angeinusa akiwa mlangoni.

"Mama," Salma akasema kwa sauti ya chini, "nlikwambia usiseme. Fundi ataona we ndo uloiharibu."

"Na ndo mie. Niseme uongo mpaka lini?"

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena, nilikuwa nimeshatoa diski, nimezima, nimechomoa chaja na naigeuza. Jua la adhuhuri, laptop nyeusi, betri iliyozikwa chini ya viganja. Nikailaza juu ya kioo cha meza, ikayumba. Haikukaa sawasawa. Asubuhi nzima ilikuwa inayumba na mimi nilikuwa naitilia karatasi chini. Nikalegeza skurubu ya kwanza, ya pili, na kabla sijafika ya mwisho mgongo ukajiinua wenyewe. Betri imevimba kama mkate wa kumimina. Imekisukuma kibao kutoka chini, imekikandamiza kitufe chake usiku na mchana, ndiyo maana mshale ulikuwa unazoa kila kitu. Hakuna virusi, hakuna window. Ilikuwa ni tumbo la betri.

Hapa nisikilizeni vizuri. Betri iliyovimba haitobolewi, haibonyezwi, haichokonolewi kwa bisibisi ili itoke. Inaweza kuwaka moto usoni pako. Chomoa waya wake kwanza, iinue taratibu kwa kitu cha plastiki, itoe nje, iweke kwenye ndoo ya mchanga mbali na watu. Mimi nilitoka nayo mpaka uwani nimeishika kama yai, na Bi Mize ananisomea dua nyuma.

Nikarudi, nikafunga bila betri, nikachomeka chaja. Ikawaka. Nikaweka kidole kwenye kibao. Mshale ukaenda. Nikabonyeza, kikalia tk, sauti ndogo, safi. Nimesikia sauti nyingi nzuri maishani, nimesikia wanangu wanalia mara ya kwanza, na sitosema zaidi, lakini ile tk ilikuwa nzuri. Salma akafungua kazi yake. Ilikuwa pale pale kwenye uso wa kompyuta, kwenye desktop, kurasa zote, jina lake juu na jina la mama yake kwenye shukurani.

Kwenye desktop.

Nikachomeka flashi, nikaifungua. Picha za harusi, picha za shangazi, barua za chuo. Nikashuka mpaka mwisho, nikapanda mpaka juu. Utafiti haukuwemo. Mimi nilichukua Documents, na Salma alikuwa anaweka kila kitu desktop, kama wafanyavyo watu wote, na hilo nililijua, na sikuangalia. Ningebonyeza kile kitufe, ningeufuta mwaka wake wote, ningemfungia laptop safi, na yeye angegundua tukikaa kuchapa. Na kibao kingekuwa bado kimekufa.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Nilifikiria kunyamaza kwa muda wa kutosha kuwaonea haya mpaka leo. Halafu nikamtazama yule mama, aliyekuja na kosa lake kutoka Mtambwe na akalitoa mbele ya mtu asiyemjua, nikaona aibu ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kusema. Nikawaambia. Kila kitu. Kwamba kama Bi Mize asingesema, ningekuwa nimeshaufuta.

Salma akakaa chini pale pale, machozi na kicheko vinagombana. Bi Mize akaniangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Basi fundi, tumekuwa wawili."

Umeme haukukatika siku ile, na kwa Wete ya wakati ule hiyo ni habari peke yake. Tulichapa mpaka karatasi za duka jirani zikaisha. Asubuhi Salma akapanda boti na jalada lake. Leo ni mwalimu, ana wanafunzi wanaokosa skuli msimu wa karafuu na anawafuata mpaka mashambani. Kila akiniona huniuliza kama bado napiga window.

Usiku ule nilikaa uwani karibu na ile ndoo ya mchanga, nikamkumbuka Mzee Faki, na nikaelewa, nimechelewa miaka ishirini. Nilipomuuliza Salma jana ilikuwa wapi, nilipata uongo. Nilipojichekea mimi mwenyewe na skurubu zangu, bila ya kukusudia, mama yake akanipa ukweli. Sijui hata kama Mzee Faki aliwahi kuitosa redio kisimani. Nina shaka. Kisima cha kwao kilikuwa na mfuniko wa zege.

Wanangu, ile laptop iliyo mezani kwenu nimelisoma jina la mwenyewe. Ni ya muuguzi wa kituo cha afya, na ana mambo ya wagonjwa humo ndani. Kwanza angalieni kazi yake yote imewekwa pahala pa pili, na desktop msiisahau. Kesho asubuhi nakuja, nakuja na mandazi, na feni nitaizima ili msipate pa kuangalia. Mimi yangu nimeshasema, yote, hata lile la kutaka kunyamaza. Haya, niambieni: jana ilikuwa wapi?